Senti Kumi Zilinunua Nini?

Katika ukumbi wa parokia yetu kuna kabati la mbao ambalo halikufunguliwa kwa miaka mingi. Majuma machache kabla ya Kwaresima tulilifungua kwa sababu ya mchwa. Mchwa walikwisha kula rafu ya chini, lakini katika rafu za juu tulikuta vitu vya namna mbili: vitabu vya picha vya Kimarekani vipatavyo arobaini, alivyoviacha padri mgeni aliyekaa kwetu zamani, na kaseti za video kumi na moja za wakati ule masista walipokuwa na mashine yake. Kaseti hazina bei juu yake. Vitabu vinayo, imepigwa chapa kwenye jalada, pembeni: senti 10, senti 12, senti 15.

Hapo mabishano yakaanza. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu aliyebatizwa kabla ya Uhuru, akakishika kitabu kimoja, akatikisa kichwa, akasema: "Mwalimu, tazama wewe mwenyewe. Senti kumi! Siku zile feza ilikuwa feza, na kitu kilikuwa kitu." Kijana mmoja wa kwaya akatoa telefoni mfukoni, akatafuta kidogo, akatusomea kwamba kitabu cha namna hiyo, cha senti 10, kimeuzwa Marekani kwa dola milioni 6. Watu wakanyamaza kama wakati wa Mageuzo. Kisha mmoja wa baraza la parokia akasema kabati lipigwe kufuli na vitabu vitafutiwe mnunuzi Ulaya, maana mabati ya sakristia yanavuja. Mwingine akasema la, vigawiwe watoto, basi, yaishe. Padri Paroko akanigeukia mimi, kwa kuwa nilipita seminari na nafahamu Kifaransa na Kiingereza kidogo, akaniagiza nichunguze jambo lenyewe kabla ya mtu kununua kufuli.

Nimechunguza. Nayaandika hapa niliyoyaona, maana nadhani makabati kama hilo letu yako katika misioni nyingine pia.

Kwanza, maneno ya mzee si ya kwake peke yake. Huko Marekani kwenyewe wako watu wengi wa makamo na wazee wanaolia kilio hicho hicho, juu ya vitabu vya picha (vijana wetu wa mjini wanaviita bede) na juu ya sinema za kutazama nyumbani. Wanazikumbuka bei moja moja, kama vile mama zetu wanavyokumbuka bei ya chumvi na ya kitenge. Kilio hicho kinastahili kupimwa kama tulivyofundishwa kupima hoja darasani: kina kweli gani ndani yake, na kinaficha nini.

Tuanze na senti 10. Katika mwaka wa 1938 kilitoka New York kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Action Comics, ambamo Superman alionekana mara ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10, kurasa zake 64. Mwaka huo huo sheria mpya ya Marekani iliweka kima cha chini cha mshahara: senti 25 kwa saa moja. Piga hesabu. Mfanyakazi wa kima hicho alinunua kitabu kwa jasho la dakika 24. (Sheria ile haikuwahesabu watu wa mashambani wala watumishi wa nyumbani, na kati yao Weusi walikuwa wengi. Kwa hao senti 10 zilikuwa na urefu mwingine.) Leo kitabu cha kawaida cha picha huko kinauzwa dola 3.99 au 4.99, na kima cha chini katika sheria ya taifa zima ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, ingawa majimbo mengi yameweka kima kikubwa zaidi. Kwa bei ya dola 3.99, ni dakika 33. Na hadithi iliyomo ndani ina kurasa 20 hivi tu.

Kwa hiyo mzee hakusema uongo. Mnunuzi wa leo anatoa jasho zaidi kidogo na anapewa kurasa chache zaidi sana. Lakini tazama: bei iliyoandikwa kwenye jalada imepanda mara 40, na jasho halikuzidi hata mara mbili. Anayelia kwa sababu ya tarakimu ya jaladani, analia mara 40. Anayehesabu dakika, atalia kidogo na kuendelea na safari yake.

Tena kuna jambo ambalo mzee hakulijua. Ile bei ya senti 10 ilikaa pale pale zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka hiyo yote kitabu chenyewe kilikuwa kinakonda. Kurasa 64 zikawa 50 hivi, halafu katika miaka ya 1950 zikawa 32 ndani ya jalada. Kila mama wa nyumbani anaujua ujanja huu katika mkate wa sokoni: bei ni ile ile, mkate unaingia mfukoni. Wachapishaji waliogopa kuigusa bei kwa sababu mteja wao alikuwa mtoto mwenye sarafu moja mkononi, ile ya senti 10, na mtoto hana sarafu ya pili. Mwisho wa mwaka 1961 makampuni makubwa yakathubutu kufikia senti 12. Mwaka 1969 zikawa 15. Mwaka 1971 kampuni mbili kubwa, Marvel na DC, zilipanda pamoja hadi senti 25 na kuongeza kurasa. Marvel ikakaa hapo mwezi mmoja tu, ikashuka hadi senti 20 na kurasa zile chache, na DC iliyobaki juu karibu mwaka mzima ikaachwa nyuma katika mauzo. Watoto walichagua kitabu chembamba cha bei ndogo. Basi watoto hao ndio wazee wanaolia leo.

Sisi watu wa Congo tungepaswa kuwa wa kwanza kufahamu kwamba tarakimu ya bei ya zamani, ikisimama peke yake, haisemi kitu. Mwaka 1967 franka ilibadilishwa kuwa zaire, na zaire moja siku ile ilikuwa sawa na dola 2 za Kimarekani. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zile za kwanza. Mwaka 1998 ikarudi franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Maana yake, mtu aliyezika zaire za kwanza chini ya kitanda angehitaji bilioni 300 ili apate franka moja. Mama yangu bado anazo noti mbili ndani ya kitabu chake cha sala, zinashika ukurasa wa Rozari. Nani kati yetu anaweza kusema kitu fulani "kilikuwa zaire tano" na msomaji akajua kilikuwa rahisi au ghali? Kwanza atauliza: zaire zipi, na za mwaka gani? Swali hilo hilo lafaa kuulizwa mbele ya senti za Marekani, ingawa dola haikuanguka kama feza yetu ilivyoanguka.

Sasa nafika kwenye jambo lililonigusa zaidi ya hesabu zote. Kitabu kile cha senti 10, nani alikilipia hasa? Superman alitungwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji Wayahudi. Mwaka 1938 walilipwa dola 130 kwa kurasa 13 za kwanza, na kwa feza hiyo walitia sahihi kuiachia kampuni haki zote. Superman akawa mali kubwa: vitabu, radio, sinema, michezo ya watoto. Walipodai mahakamani katika miaka ya 1940, walipoteza kazi, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi waliyoizaa wenyewe. Mwaka 1975, macho ya Shuster yakiwa yameharibika, na baada ya wachoraji wenzao na magazeti kupiga kelele, kampuni iliyokuwa na mali hiyo ilikubali kumpa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao. Ilichukua miaka 37.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mkataba kati ya bwana na mfanyakazi hauwi wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, kwa maana mwenye njaa hukubali lolote. Siegel na Shuster walikubali. Kwa hiyo, mtu anaposema mbele yangu "zamani vitabu vilikuwa rahisi", namwomba aongeze: rahisi kwa mnunuzi. Bei ndogo mara nyingi ina mtu chini yake. Sisemi kwamba bei kubwa ya leo inawatendea haki wachoraji wote. Sina hakika hata kidogo. Nasema tu kwamba hamu ya senti 10 haimkumbuki kamwe aliyeshika kalamu.

Tuje kwa kijana wa kwaya na dola zake milioni 6. Habari ni ya kweli. Nakala moja ya kitabu kile cha mwaka 1938 iliuzwa kwa mnada Marekani mwezi wa Aprili 2024 kwa bei hiyo; nyingine ilikwisha kuuzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 3.2. Lakini kwa nini? Kwa sababu vilitupwa. Katika vita vya pili vya dunia watoto wa Marekani walikusanya karatasi za kuwasaidia askari, na vitabu vya picha vikaenda katika mafungu hayo. Vingine mama alivichoma pamoja na takataka za chumbani. Hukadiriwa kwamba zimebaki nakala mia moja hivi za kile cha kwanza. Thamani yake imetokana na uchache, nao uchache umetokana na dharau.

Na kuna kichekesho zaidi. Huko Marekani, tangu mwaka 2000, kuna kampuni iitwayo CGC ambayo hukipima kitabu, hukipa alama hadi 10 kama mwalimu anavyosahihisha, kisha hukifungia ndani ya sanduku gumu la plastiki. Mtu akilipasua ili asome, alama inapotea. Yaani kitabu cha picha cha bei kubwa kuliko vyote ni kile ambacho hakuna anayeruhusiwa kukifunua. Mwezi wa Juni 2022 kaseti ya video ya filamu Back to the Future iliuzwa kwa dola 75,000 kwa sababu haijafunguliwa karatasi yake. Aliyeinunua hakununua filamu. Alinunua karatasi iliyoifunga.

Wala ughali si ushuhuda wa wema. Wakusanyaji wa Ulaya hulipa feza nyingi kwa matoleo ya kwanza ya Tintin au Congo, hadithi iliyotoka miaka ya 1930 na 1931 katika nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatolika la Brussels, Le Vingtième Siècle, chini ya Abbé Norbert Wallez. Humo babu zetu wamechorwa kama watoto wakubwa wa midomo minene wasioweza kusukuma gari-moshi lao wenyewe. Mkongo mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishitaki kitabu hicho Brussels mwaka 2007. Mwaka 2012 mahakama ikalikataa shauri lake. Sitaki kulifungua tena hapa. Nataka tu msomaji aone kwamba kitabu chaweza kuwa na bei ya nyumba nzima na bado kikawa cha kutuaibisha, hata kikiwa kimetoka mikononi mwa Wakatoliki.

Kuhusu kaseti za video, kilio cha bei ya zamani ni cha ajabu zaidi, maana huko bei haikupanda. Ilishuka. Sony ilitoa mashine ya Betamax mwaka 1975, JVC ikafuata na VHS mwaka 1976. Mwaka 1977 Andre Blay, mtu wa Michigan, alipata ruhusa ya kuuza kwa kaseti filamu 50 za kampuni ya Fox, na kaseti moja aliiuza dola 49.95. Kima cha chini cha mshahara mwaka ule kilikuwa dola 2.30 kwa saa. Msomaji, hiyo ni kazi ya karibu saa 22 kwa filamu moja! Mwaka huo huo George Atkinson wa Los Angeles alianza kuazimisha kaseti: mteja alilipa kwanza dola 50 za uanachama wa mwaka, kisha dola 10 kwa siku. Kwa miaka mingi baadaye filamu mpya iliuzwa dola 80 hivi, kwa sababu makampuni yalijua kwamba mnunuzi ni mwenye duka la kuazimisha, si mwenye nyumba. Mwaka 1987 Top Gun ikatolewa kwa dola 26.95, nayo ilihesabiwa kuwa bei ya huruma, tena tangazo la Pepsi limetangulia mwanzoni. Mwaka 1988 ikaja E.T. kwa dola 24.95. Diski za DVD zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1997, na baada ya miaka si mingi filamu ya mwaka jana iliuzwa kwa bei ya chakula cha mchana.

Basi, anayesema kwamba zamani sinema ya nyumbani ilikuwa rahisi, anakumbuka kitu gani? Hakumbuki bei ya kununua, hakununua. Anakumbuka feza kidogo ya kuazima kwa usiku mmoja, na watu waliojaa sebuleni kwa sababu kesho asubuhi kaseti inarudi dukani.

Hapo namwelewa kabisa. Nilipokuwa mtoto, mwanzo wa miaka ya 2000, katika mtaa wetu mwenye mashine alikuwa mmoja. Jenereta ilinguruma nje, sisi tulikaa chini juu ya magunia, wakubwa kwenye mabenchi. Asiyekuwa na franka ya kuingilia alichota maji kidumu kimoja kwa nyumba ile, akaingia. Picha ilipoanza kutetemeka, mwenye mashine aliifungua akapangusa kichwa chake kwa pamba na pombe kali, nasi tukasubiri bila kunung'unika. Katika Juma Takatifu masista waliazimisha kaseti ya Mateso ya Bwana, na wanawake walilia sauti moja ilipofika njia ya Msalaba. Bei ya kuingia nimeisahau. Rafiki aliyekaa kando yangu, na jinsi alivyonibana mkono Petro alipokana mara ya tatu, sikumsahau. Wazee wetu wa Kasai husimulia hivyo hivyo juu ya sinema za Matamata na Pilipili, alizozitengeneza Padri Albert Van Haelst wa Scheut katika miaka ya 1950: hakuna anayetaja bei, wote wanataja waliocheka nao.

Upande mmoja wa kilio naukubali bila kubisha. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha mwaka 2016. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kutuma diski kwa posta, ilituma ya mwisho mwezi wa Septemba 2023. Sasa mtu hulipa kila mwezi na kutazama kwa njia ya intaneti, na siku anapoacha kulipa rafu yake ni tupu. Hawezi kumwazima jirani, hawezi kumwachia mtoto, hawezi kuacha kabatini kwa padri atakayemfuata. Hasara hiyo ni ya kweli, wala haihusu bei. Padri wetu mgeni angekuwa amesomea vitabu vyake katika telefoni, mchwa wangekula kabati tupu.

Nikarudi basi kwenye vile arobaini. Nimevisoma vyote, na Mungu anisamehe, vingine mara mbili. Vingi ni vya mapigano, vya farasi na bastola, haviharibu roho wala haviijengi sana. Hapo tusijifanye wakali kupita kiasi. Mwaka 1948, mjini Binghamton katika jimbo la New York, wanafunzi wa shule ya Kikatolika walivikusanya vitabu vya picha vya mtaa wao wakavichoma moto uwanjani. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alitoa kitabu cha kuvishitaki kwamba vinawafanya watoto wahalifu, Seneti ikasikiliza mashauri, na makampuni yenyewe yakajiwekea kanuni kali. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley alionyesha, kwa kusoma makaratasi ya daktari huyo, kwamba alikuwa amepindisha maneno ya watoto aliowahoji. Kwa hiyo hizo senti 10 ambazo leo zinaliliwa kama zahabu, siku zile wengine walizilipa ili zikatiwe moto. Baba Mtakatifu Pio XII alifuata njia nyingine: katika barua Miranda Prorsus ya mwaka 1957 alivihesabu sinema, radio na televizyo kuwa zawadi ya Mungu, na akadai uangalifu wa namna ya kuzitumia. Kuangalia ni kazi ngumu kuliko kuchoma.

Kati ya arobaini, tisa ni vya Treasure Chest. Hili lilikuwa gazeti la picha la Kikatolika, likatoka Dayton, Ohio, kutoka mwaka 1946 mpaka 1972, na liligawanywa katika shule za Kikatolika, darasa kwa darasa. Nasema kweli, mengi humo yanachosha. Watakatifu wanachorwa kama watu wasiotoka jasho, na kila mtoto mkaidi anatubu kabla ya ukurasa wa sita. Lakini mwaka 1964 lilitoa hadithi ya mfululizo iliyoandikwa na Berry Reece na kuchorwa na Joe Sinnott, jina lake Pettigrew for President. Inasimulia uchaguzi wa mwaka 1976, ambao wakati ule ulikuwa bado mbali. Tim Pettigrew anagombea urais wa Marekani. Sehemu baada ya sehemu tunaona watu wanaomzunguka, wanaomshangilia, wanaomtishia, lakini uso wake hauonekani: yuko nyuma ya gazeti, nyuma ya bega la mtu, ndani ya kivuli. Katika sehemu ya mwisho kabisa uso unafunuliwa, na Pettigrew ni mtu Mweusi. Hadithi hii walipewa watoto wa shule mwaka ule ule ambao Marekani ilitia sahihi sheria ya haki za raia. Barack Obama alichaguliwa mwaka 2008.

Mchoro wake ni wa kawaida, na maneno yamejaa mno. Hata hivi, mtungaji aliyemfanya mtoto ampende mtu kwa majuma mengi kabla ya kumwonyesha rangi yake alikuwa anajua anachofanya. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitabu bora katika kabati lote.

Shida ni hii: sisi tunazo sehemu mbili tu, za katikati. Nilipozisoma na vijana wa katekesi, walibishana juma zima juu ya uso ule. Mmoja alisema ana kovu, mwingine alisema ni mwanamke. Kijana wa kwaya ndiye aliyegundua kwamba Chuo Kikuu cha Kikatolika cha Marekani, kule Washington, kimeliweka gazeti hilo katika intaneti ili lisomwe bure. Bure kwao, kwetu tulichangishana feza za mega. Vichwa kumi na viwili vikainama juu ya telefoni moja. Mzee alikuwa anapita kwenda Rozari, akauliza kuna nini, tukampisha. Alitazama muda mrefu, akiisogeza telefoni mbele na nyuma. "Kumbe," akasema, "ni mtoto wetu!"

Nimelijibu baraza hivi. Vitabu vyetu haviwezi kutengeneza mabati. Vimesomwa, vimekunjwa, vitano havina jalada, kimoja kina alama za meno ya panya. Mwenye kulipa mamilioni halipi kwa hivyo, na gharama ya kuvituma Ulaya ingezidi mapato. Mabati yatafutiwe mchango wake. Kabati lisipigwe kufuli, wala vitabu visigawiwe kama pipi. Viazimwe. Mimi nilitaka viazimwe bure, nikashindwa katika kura: walisema kitu cha bure hakirudi, na nikifikiri juu ya vitabu vya nyimbo tulivyovipoteza, nadhani wana haki. Muazimaji atalipa kidogo, kwa ajili ya gundi na karatasi ya kufunika. Kaseti kumi na moja zina ukungu na mashine haipo. Hizo nimeziacha mahali pake.

Kabati linafunguliwa siku ya Jumamosi baada ya katekesi. Daftari la waazimaji analishika mzee mwenyewe, aliomba kazi hiyo. Katika ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la mtu yeyote, ameandika kwa wino mweusi bei zote za majaladani, kitabu kwa kitabu: senti 10, senti 12, senti 15. Sikumwambia afute. Zile sehemu mbili za Pettigrew zimeshaazimwa, na kuna majina saba yanayozingoja.